Sanduku la Gemu Lililolazwa Uani

Ndugu yangu alifia nchi za Ghuba, alikokuwa analinda ghala, akazikwa huko huko. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye foleni ya maji hapa mtaani Mbotela. Nilipomaliza kusikiliza nilisogeza mtungi wangu mbele, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea. Mama yetu, aliyekwisha kurudi kijijini kule magharibi, aliambiwa na mjomba. Mimi sikumwambia mtu yeyote mtaani. Sikuwa naficha, ila kila nilipotaka kusema niliona maneno ni mengi mno. Na sikulia. Kwa miezi minne nilikwenda kiwandani, nikarudi, nikala, nikalala usingizi mzuri tu, na usingizi huo ulinitisha kuliko kifo chenyewe. Nilianza kujiuliza kama nina moyo wa mtu.

Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunatoroka hadi kibanda cha gemu cha mtaa wa Ziwani, kusimama mbele ya mashine ndefu kama kabati hadi tufukuzwe. Akiwa Ghuba alinitumia kwenye simu vipimo vya mashine kama ile. Alisema akija likizo tutaiunda wenyewe. Sitadai nilianza kuiunda kwa sababu nilimkumbuka. Nilikuwa na Jumamosi nyingi na sikujua nizifanyie nini.

Mbao nilimpelekea fundi mmoja wa kando ya Jogoo Road. Kazi yake ni majeneza, lakini msumeno wake hunyoosha na yeye hana maswali. Nilipomwambia nataka vishikio vya kubebea mashine, alinipa vinne vya rangi ya dhahabu.

"Hivi having'oki," akasema. "Vimebeba watu wazito."

Vanishi pia aliniuzia yeye, ile nyekundu iliyoiva, iliyobaki kwenye kazi ya mtu. Skrini na kompyuta kuukuu nilizipata Eastleigh, pamoja na vifungo na vijiti viwili vya kuchezea. Chumba changu ni kidogo, kwa hiyo kazi yote niliifanyia nje uani, mlangoni pangu. Majirani walipita wakanisalimu. Nilijibu kwa kichwa tu, maana siku hizo nilikuwa na uso wa kufukuza watu.

Jumamosi ya tatu, mchana, nililaza sanduku chali juu ya stuli mbili ili nifunge kioo cha mbele ya skrini. Lilikuwa refu kama mimi. Kioo kilikaa upande wa juu, vishikio viwili huku na viwili huku. Nikalipaka vanishi ubavuni, nikalifunika juu kwa shuka jeupe kwa sababu ya vumbi, kisha nikaingia ndani kuchemsha chai. Wewe unayesoma umeshaona nilichokifanya. Mimi sikuona.

Nilitolewa ndani na wimbo. Uani walikuwa wamekaa akina mama wa jumuiya ya kanisa, kama kumi hivi, na wengine walikuwa bado wanaingia wakibeba sukari na majani ya chai. Mmoja alikuja na sufuria kubwa ya msibani. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Mbele yao alisimama mama mboga wa mlango unaotazamana na wangu, aliyetulisha mandazi mimi na ndugu yangu tangu tukiwa hatuna meno ya mbele. Alikuwa amejifunga leso kiunoni.

"Pole, mwanangu," akasema. "Lakini utakaaje na maiti peke yako kama mtu asiye na watu?"

Nilikasirika. Sijui kwa nini hasira ilikuja haraka hivyo wakati huzuni ilishindwa kuja miezi minne. Nikavuta shuka. Wakaona vifungo vyekundu na nyaya zinazoning'inia.

"Buda, umetushtua!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe ni gemu!"

Uani pote pakacheka. Mama mboga alicheka hadi akashika ukuta. Mtu akasema kinachonisumbua ni kukosa bibi. Wakaanza kuinuka, kila mmoja akichukua sukari yake, na mwenye sufuria akajitwika kichwani. Niliwaangalia wakienda langoni nikajua kwamba wakitoka, sitasema tena maisha yangu yote.

"Lakini kuna mtu amekufa," nikasema.

Mama mboga akageuka. "Nani?"

"Ndugu yangu. Miezi minne sasa. Mwili haukuja."

Nilingoja wanigombeze, na nilistahili. Mama mboga alirudi akakaa chini, hakutafuta hata stuli. Mwenye sufuria akaitua. Mmoja mmoja wakarudi walipokuwa, wakilizunguka lile sanduku la gemu, na hakuna aliyelisogeza.

Kiongozi wa jumuiya, mama aliyehamia mtaani juzijuzi, akafungua kitabu chake cha sala. "Jina lake la ubatizo ni nani, tumwombee?"

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la utani, hata mama mboga. Lile la ubatizo tulikuwa tunalitumia nyumbani tu, mama na mimi. Nikafungua kinywa. Nusu ya kwanza ilitoka, kisha sauti ikakatika na uso wangu ukalowa machozi. Wote wakangoja nusu iliyobaki, na hakuna aliyeweza kunisaidia, kwa sababu pale uani niliyeijua nilikuwa mimi peke yangu.