Bendi Iliyoshukia Tabora

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kuazima. Bendi yetu, Nzagamba Jazz, ilifanyia mazoezi kwenye ghala nyuma ya duka la nguo la Mzee Jafari, Mhindi wa Shinyanga aliyemiliki vyombo vyote: magitaa, ngoma, saksafoni na vipaza sauti. Kiongozi wa bendi, Mzee Mabula, alinivisha mkanda wa gitaa la besi, lile la nyuzi nne nene, akasema, "Shija, besi haisifiwi na mtu. Lakini ikinyamaza, watu wanarudi kwenye viti. Umenielewa?"

"Ndiyo, Kiongozi," nikajibu. Sikuwa nimeelewa kitu.

Ninyi wajukuu zangu mnadhani muziki ulikuwa starehe. Ulikuwa kazi. Asubuhi mazoezi, mchana kuunga nyaya zilizokatika. Jumapili alasiri tulipiga bugi, dansi la mchana ambalo hata wazazi walihudhuria na watoto wao. Wimbo ulianza taratibu kwa maneno, kisha ukaingia chemko, sehemu ya mwisho ambapo magitaa hukimbizana na wachezaji hulowa jasho. Msimu wa kuuza pamba tulibaki mjini, kwa kuwa wakulima walikuwa na fedha. Msimu ukiisha tulipanda lori kuwafuata wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Jenereta likizimika kule, tuliendelea kwa ngoma na sauti tupu.

Sauti yenyewe ilikuwa ya Lukasi, mwimbaji wetu wa kwanza. Akizungumza, watu wa mjini walimcheka kwa lafudhi yake ya Kisukuma. Akiimba, walisahau soda zao mezani.

Katikati ya miaka ya sabini, fundi mitambo mmoja wa redio alipita Shinyanga akaja kwenye bugi letu. Tulipomaliza alimfuata Mzee Mabula. "Nyimbo hizi mnamficha nani? Njooni Dar es Salaam, nitawatafutia siku ya kurekodi."

Wakati ule hapakuwa na mlango mwingine. Redio ikikurekodi, unajulikana Bukoba mpaka Mtwara. Isipokurekodi, utabaki mwimbaji wa mtaa wako.

Tulisafiri kwa treni, tukashuka Tabora kusubiri treni ya Dar es Salaam. Tukiwa pale kando ya reli, mkuu wa stesheni akaja akiuliza, "Nani hapa ni Lukasi?" Alikuwa amepigiwa simu kutoka Shinyanga. Kabula, mke wa Lukasi, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, alikuwa amekimbizwa hospitali, damu ikimtoka.

Lukasi aliinua begi lake. "Ninyi nendeni. Selemani anazijua nyimbo zote."

Ilikuwa kweli. Selemani, mwimbaji wetu wa pili, angeweza. Mzee Mabula hakutoa amri, alitutazama tu, akasema, "Kila mtu aseme lake."

Selemani ndiye aliyeanza. "Kiongozi, mimi siwezi kusimama kwenye kipaza sauti cha mwenzangu wakati mke wake yuko vile."

Wengine wakaitikia. Nami nikaitikia. Lakini treni ya Dar es Salaam ilipoondoka niliitazama mpaka behewa la mwisho, na machozi yaliyonitoka hayakuwa ya huruma.

Tukapanda treni ya kurudi Shinyanga. Hospitali walihitaji damu. Ya Mzee Mabula na ya kwangu zilifaa. Mtoto wa kike akazaliwa hai, akaitwa Neema, na mama yake akapona polepole. Lukasi alituomba jambo moja: Kabula aambiwe redio iliahirisha safari, asije akaubeba mzigo ule moyoni. Tukakubali.

Mzee Jafari alipiga simu redioni. Siku yetu ilikuwa imepewa bendi nyingine, na fundi yule amehamishwa. "Bana, bahati imekuja mlangoni, ninyi mmeisindikiza stesheni!" alifoka. Kisha akakaa juu ya robota la vitenge. Lakini vyombo hakutunyang'anya.

Nafasi ya pili haikuja. Petroli ikawa adimu, nyuzi za gitaa zikakosekana, tukafunga waya za breki za baiskeli. Miaka ya themanini Mzee Mabula alifariki, Selemani akaenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, na mimi, vidole vikiwa vimekakamaa, nikarudi kijijini kwetu Kharumwa kulima.

Mwaka juzi nilimtembelea Lukasi. Tulikuwa tumekaa barazani kwake, Mama Neema akipika ndani, aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Shija, mlinichukia?"

"Tukirudi, kutoka Tabora mpaka Isaka nilikuchukia," nikamwambia. "Pale Isaka nilikuona umelipakata begi kifuani kama mtoto mchanga. Basi, ikaisha."

Mama Neema akatoka na sinia la ugali, akaliweka mezani. "Mnanong'ona nini? Mnadhani sijui? Mzee Jafari aliniambia nikiwa bado kitandani hospitali."

Lukasi akamgeukia. "Miaka yote hii! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja ninyi mseme, ili nishukuru."

Akapiga magoti mbele yangu, mwanamke mwenye wajukuu. "Wabeja, shemeji," akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

Nikamwambia ainuke, ugali unapoa. Hakuinuka upesi. Lukasi akamshika mkono upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamwinua, tukala.