Nyaya Nyeusi za Dama

Zamani, hapa Mikindani, jirani akiwa na harusi ulimpelekea kuni na kinu. Siku hizi kila chumba kina mita yake ya umeme wa tokeni, na anayechomeka waya kwa mwenzake husemwa hadi achoke. Kwa hiyo nilifurahi, nami si mwepesi wa kufurahi, niliposikia majirani wa Dama wamemchangia umeme.

Dama hutengeneza redio kibarazani kwake. Bintiye Lynnette alipokaribia kuolewa, aliunda tao la taa za kucheza kwa sauti ya wanawake wakiimba. Lilikuwa na bodi tatu za kielektroniki: ya kwanza husikiliza, ya pili huamua, ya tatu huwasha. Adapta moja haikuzimudu. Taa zikiwaka zote, bodi ya kusikiliza ilizimika. Ndipo Mwikali, mpangaji wa chumba cha pili, akatoa adapta yake na umeme wake, na mzee Tinga, jirani mwingine, vivyo hivyo. Kwa kuogopa maneno, Dama alitenga nyaya za kila mmoja, zisigusane popote isipokuwa ule mmoja mwembamba wa kupeleka habari kutoka bodi hadi bodi.

Jioni wakwe wakafika kutoka Miritini, pamoja na Fidel, binamu wa bwana harusi, na spika ndefu kama kabati. Wakakubaliana: taa zikikataa kucheza, Fidel apige muziki wake na wanawake wanyamaze. Nimeona harusi nyingi zikimezwa na spika.

Dama akawasha. Hakuna aliyeimba, lakini taa zilitapatapa ovyo.

"Mama, tao lako lina degedege," Fidel alicheka. "Nianze?"

"Subiri, mwanangu. Hata wewe ulizaliwa ukipiga kelele."

Sidi, kiongozi wa nyimbo, akaanzisha. Wanawake wakapokea, kila upande kwa sauti yake.

"Nyamazeni!" Sidi akafoka. "Anzieni pale nilipoanzia mimi!"

Dama akajipiga paji la uso. Kila bodi ilikuwa na sifuri yake ya kuanzia kupima umeme! Ya pili ingejuaje ya kwanza inapima kuanzia wapi? Akazima, akachukua kipande cha waya, akaanza kuunganisha nyaya nyeusi, zile za hasi, za adapta zote tatu.

"Wewe! Utakula tokeni zangu!" Mwikali akapaza sauti.

"Nyekundu za kila mtu, zinazoleta umeme, zinabaki kwake, mwenzangu. Hizi nyeusi ni za kukubaliana tu sifuri iko wapi."

"Haya, funga. Lakini sahani yangu iwe na nyama."

Akawasha. Sidi akaimba tena. Taa zikapanda na sauti, zikashuka nayo. Wimbo ulipokatika mzee Tinga akakohoa, nazo zikamulika kidogo. Watu hoi kwa kicheko.

Fidel akaketi juu ya spika yake, akipiga makofi. "Mama, nami naweza kuitikia?"

"Njoo," alisema Dama, "simama nyuma ya shangazi zako, ujifunze."