Miaka Niliyoitwa Marisol

Siku ya kwanza kazini nilinyang'anywa jina kabla sijapewa hata chai. Nilikuwa nimetoka Tanga, nimeimba dansi tangu usichana, na wakala aliyenileta Doha aliniambia kuna hoteli inatafuta mwimbaji wa kike mwenye sauti nzito. Hakusema kwamba mgahawa wenyewe ni wa muziki wa Amerika ya Kilatini. Meneja wa Burudani, Mlebanoni asiyejua kukaa kwenye kiti, alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Habibti, kuanzia leo wewe ni Marisol. Umetoka Havana."

"Mimi ni Mwanaidi. Nimetoka Tanga."

"Tanga nani anaijua? Khalas. Haya, jaribu maikrofoni."

Ninyi vijana mnaoniuliza uimbaji wa hotelini huanzaje, basi wangu ulianza hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni kiongozi wa bendi, Mzee Ramiro, Mkolombia mpiga besi. Alianza na klave, vile vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa. Mpangilio wa mapigo yake ndio unaoibeba salsa nzima; ukiimba nje yake, hata mla samaki asiyejua muziki atahisi kuna kitu kimeteguka. Bolero ni wimbo wa mapenzi wa taratibu, hauna pa kujificha. Halafu kuna montuno, pale waitikiaji wanaporudia mstari mmoja na mwimbaji anatupia maneno yake mwenyewe, kama chemko, ile sehemu ya kuchangamka ya dansi letu. Hapo Mzee Ramiro alishangaa nilivyoingia bila kusukumwa. Kispania sikukijua, na yeye hakukubali nikariri tu.

"Usiimbe neno usilolijua," alinionya. "Utatabasamu mahali pa kulia."

Baadaye hoteli ilituhamishia mgahawa wake wa The Pearl, kisiwa cha kifahari hapo Doha, wenye meza zinazotazama maboti ya matajiri. Huko tulikuwa chini ya Meneja wa Vyakula na Vinywaji, mtu aliyeamini muziki ni aina ya mchuzi. Tukipiga kwa nguvu, wageni hawasikilizani, tukipunguza, wanasinzia. Mwezi wa Ramadhani muziki ulisimama, kama inavyopasa, naye akatupanga kukunja vitambaa vya meza. Mzee Ramiro alikunja vibaya makusudi. Mimi nilikunja vizuri, nikazidi kuchukia.

Lakini hayo yote ni mzaha ukilinganisha na pazia.

Meneja wa Burudani alirudi safarini na msichana wa Kikolombia, Yuliana, mchezaji salsa hodari, mrefu, mwenye nywele za kufika kiunoni. "Wageni wanataka kumwona Mlatini," akaniambia. "Yeye atasimama mbele afungue mdomo. Wewe utaimba nyuma ya pazia."

"Kwani mimi redio?"

"Habibti, mshahara ni uleule."

Binti yangu alikuwa chuo cha uuguzi, na kibali changu cha kuishi kilikuwa mikononi mwa hoteli. Nikaenda nyuma ya pazia. Nilipewa kigoda karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wakinipita na sinia za kamba, wakinikanyaga na kuniomba radhi katikati ya ubeti. Kwa vile hakuna aliyeniona, nilivaa kandambili na leso kiunoni. Taabu ilikuwa montuno. Yuliana angejuaje ni lini nitatupia maneno? Mara mdomo wake umefumba na sauti inaendelea, mara ameupanua na mimi niko kimya.

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Siku moja nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo analia.

"Mama, mimi ni mchezaji. Sikuomba kuimba. Watu wananisifia sauti, mimi sijui uso niupeleke wapi."

"Nami sijui wangu niupeleke wapi," nikamwambia. Tukacheka, lakini hasira haikutoka.

Ndipo ikaja meza ya Wakolombia, familia nzima na bibi yao. Bibi akaomba bolero ya zamani ya kwao. Yuliana hakuijua, mimi niliijua, Mzee Ramiro alikuwa amenifundisha. Nikaianza. Ubeti wa pili haujaisha, nikaona pazia linatikisika. Yuliana alikuwa amelivuta mpaka mwisho.

"Huyu hapa," akasema kwenye maikrofoni. "Sauti ni ya huyu."

Wageni wakageuka kunitazama. Nilitamani sakafu inimeze, mimi na kandambili zangu. Nikamtazama Mzee Ramiro. Vidole vyake havikusimama kwenye besi, akaniashiria kwa kidevu: endelea. Nikaendelea. Bolero ilipokwisha akaigeuza kuwa salsa, na montuno ilipofika nikatupia, "Mwanaidi, Mwanaidi wa Tanga!" Yuliana akacheza, kwa mara ya kwanza akifanya kazi yake mwenyewe, na watu wakasimama kumpisha nafasi. Bibi alinijia, akanishika mikono, akaniuliza Tanga ni wapi. Nikamweleza mpaka chakula chake kikapoa.

Kesho yake Meneja wa Burudani alinipokea akihema. "Kandambili! Mbele ya wageni!" Uongo wake wenyewe haukumkera. Wiki hiyohiyo akabandika tangazo jipya mlangoni: Mwanaidi kutoka Havana. Mzee Ramiro alicheka hadi akaegemea ukuta. Mimi niligombana nalo tangazo hilo mpaka Havana ikafutwa. Tanga haikuandikwa, lakini niliimba mbele ya pazia hadi nilipostaafu.

Siku hizi nakaa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, kwa binti yangu, ambaye sasa ni muuguzi huku. Mnapokuja kuniuliza, nawaambia hili: jifunzeni maana ya kila neno mnaloimba, na msikubali kirahisi kufichwa, maana kutoka ni kazi kuliko kuingia. Sijutii muziki. Waliokuwa wakiusimamia ndio walionichosha. Nikiwa bado kazini waliwapunguza wapiga ala mmoja mmoja, mpaka Mzee Ramiro naye akarudishwa kwao.

Nami nilipostaafu, asubuhi baada ya kuagwa kwa keki na makofi, simu ililia. Alikuwa Meneja wa Burudani.

"Mama Mwanaidi, mwimbaji mpya amekaukiwa na sauti. Njoo leo tu."

"Nani anapiga besi?"

"Kompyuta. Inapiga vyombo vyote."

"Basi iambie na kuimba iimbe," nikasema, nikakata simu, nikarudi kwenye chai yangu.