Dumu Lililozibwa Kama Rejeta

Pale gereji walimwita Pilipili, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Shule aliiacha siku aliyomrushia mwalimu daftari. Kazi ya kwanza alitoka kwa matusi, ya pili kwa ngumi. Ya tatu ilikuwa kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, fundi wa kuziba rejeta za magari, na hapo ndipo alipokaa miaka minne, maana ukigombana na mjomba nyumbani utasema nini?

Mjomba alimfundisha kila kitu isipokuwa moto. Mtungi wa gesi na bomba la kulehemia, marufuku.

"Wewe na moto mkikutana," mjomba alimwambia mbele za watu, "nani atamtuliza mwenzake?"

Watu wakacheka. Pilipili akaapa atatengeneza moto wake mwenyewe, tena kwa maji.

Fundi redio wa jirani alikuwa amemweleza: ukipitisha umeme kwenye maji yaliyotiwa magadi, maji yanaachana. Inapanda gesi inayowaka, haidrojeni, na inapanda nyingine, oksijeni, ya kuuchochea moto. Basi akachukua dumu la lita tano, akakata sufuria kuukuu ya stili vipande, akavifunga waya ndani, akatoboa kifuniko na kupachika mirija miwili ya gesi kutokea. Mjomba alipoona akasema, "Toa uchafu huo mezani." Pilipili akajibu neno ambalo mtu hamjibu mjomba wake. Kuanzia hapo, wiki tatu, salamu hakuna.

Walifanya kazi hatua tatu tu kati yao, na maneno yakawa yanapitia kwa wateja.

"Hebu mwambie huyo bwana anipe brashi," mjomba alisema siku moja, saa sita mchana, kwa dereva wa lori aliyekuwa amemsimamia kichwani akidai rejeta yake.

"Ala! Mmekaa pua kwa pua halafu mnanifanya mimi simu?" dereva akafoka. "Wewe Pilipili, brashi!"

Brashi ikarushwa. Pilipili hata hakugeuka. Alikuwa na lake: dumu lilikuwa linavuja kwenye kifuniko, na yeye alijua dawa ya kitu kinachovuja. Rejeta unaiziba matundu yote, unaijaza upepo, unaipaka povu la sabuni, unatazama. Basi akaziba mirija yote miwili kwa vizibo vya mpira, akavigongelea kwa nyundo, akabandika koleo za chaja ya betri kwenye waya. Umeme ndio ungekuwa pampu. Akapaka povu.

Dakika tano, povu kimya. Halivuji! Akatabasamu peke yake kama mwizi. Dakika kumi, akaona dumu limebadilika. Ubavu wake ulikuwa umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na plastiki ikatoa mlio mdogo, *tik*.

Hapo jasho likamtoka. Rejeta unaijaza upepo, ukitosha unaacha. Hili lilikuwa linajijaza lenyewe, gesi inayowaka na ya kuichochea, zimefungiwa pamoja. Mkono wake ukaenda kwenye koleo, ukasimama hewani. Ukichomoa koleo ya chaja, inatema cheche. Hilo alilijua tangu siku ya kwanza kazini.

Nyuma yake mtungi ukalia *fsss*. Mjomba amefungua gesi, kiberiti mkononi.

"Wewe! Usiwashe!"

Mjomba akamgeukia dereva. "Kuna mtu anaongea humu?"

"Nasema usiwashe!"

"Mimi nina jina," mjomba akasema, bado anamtazama dereva, na njiti ikakaa tayari kwenye ubavu wa kiberiti.

*Tik*, likasema dumu.

"Mjomba!" Sauti ilimtoka nyembamba, hata yeye hakuijua. "Mjomba, nakuomba. Nimeziba mirija yote miwili. Nitatuua."

Mjomba akaliangalia dumu. Hakuuliza swali. Alifunga mtungi, kiberiti akakitia mfukoni, akamsukuma dereva mlangoni. "Nje! Nenda ng'ambo ya barabara!" Kisha kwa Pilipili, polepole: "Toa mkono kwenye koleo. Toka. Usikimbie."

Swichi kubwa ilikuwa ukutani kwa nje. Mjomba akaishusha. Feni ikalegea, mngurumo wa chaja ukakatika.

"Mtu lazima akazibue," Pilipili akasema. "Vizibo nimevigongelea mimi." Akalowesha gunia, akarudi ndani kabla hajakatazwa, akalifunika dumu na kuanza kukizungusha kizibo, robo, robo tena, uso kaugeuzia mlango. Kikafyatuka, kikagonga bati la dari. Gesi ikapiga mluzi mrefu, na dumu likanywea chini ya gunia.

Alitoka nje. Akaketi chini kando ya mjomba wake, wote wawili wameegemea ukuta wa joto, mlango na dirisha vimeachwa wazi.

"Vipi, nije?" dereva akapiga kelele kutoka ng'ambo.

Mjomba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada yangu ningeenda kumwambia nini?" akauliza.