Shangazi Ruean na Krimu ya Ganzi

Wateja wetu walimwita Shangazi Ruean askari wa uhamiaji, naye alilijua jina hilo na wala halikumkera. Mtu anakuja kliniki ya ngozi kuondolewa chunjua usoni, amevaa vizuri, amejipulizia manukato, anakutana na mama wa miaka hamsini na tisa, mfupi, nywele kazikata kama mwanamume, anamuuliza ana kilo ngapi. Si kila mwanamke wa mji wetu wa Lampang anapenda kuulizwa kilo zake mbele ya watu. Wengine walijipunguzia. Shangazi Ruean alikuwa na mizani chini ya kiti, akawa anaivuta kwa mguu bila kusema neno.

Jina lake kamili ni Bunruean. Kazi yake pale ilikuwa moja tu: kumpaka mteja krimu ya ganzi kabla daktari hajaja na sindano au leza, kisha kuifuta muda wake ukifika. Watu huidharau kazi hiyo. Bi Orathai, mke wa daktari na meneja wetu, aliwahi kusema mbele yetu sote kwamba hata mpaka rangi wa nyumba angeiweza. Shangazi akamwambia mpaka rangi akikosea, ukuta haufi.

Mimi ni Fong, nilikuwa mapokezi. Nilimpenda yule mama na nilimwogopa, na siku nyingine alinichosha. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto miaka ishirini na saba, akastaafu, akashindwa kukaa nyumbani. Mume alishamwacha zamani. Alisema hakuna mwanamume anayeweza kuishi na mwanamke ambaye kila siku yuko sahihi. Alilisimulia hilo akicheka, ila kicheko hakikuwa kirefu.

Kila mteja aliulizwa mambo yale yale. Kuna dawa inayokudhuru? Una ugonjwa wa moyo, wa ini, wa damu? Unameza dawa gani sasa hivi? Umejipaka kitu chochote nyumbani? Baada ya hapo aliipima krimu kulingana na kilo za mteja, akaipaka pale tu daktari alipochora, akaandika saa juu ya ngozi kando yake. Penye kidonda au ngozi iliyochubuka hapaki. Kufunika kwa plastiki, mpaka daktari aagize kwa kinywa chake. Mteja akimbembeleza aongeze kidogo, eti yeye hayawezi maumivu, Shangazi humkazia macho. "Dawa hii haikai juu ya ngozi ikakutazama," atamwambia. "Inaingia kwenye damu. Umekuja kupunguza maumivu au kupunguza maisha?"

Mke wa ofisa mmoja wa wilaya alitaka abaki na krimu yake nusu saa zaidi kwa sababu tamthilia aliyokuwa akiitazama kwenye simu haijaisha. Shangazi akaifuta huku mama huyo analalamika. Malalamiko yakafika juu. Bi Orathai akamtaka aombe radhi, naye akasema ataomba siku daktari atakapotamka kwamba dakika sitini ni tisini. Daktari Phakin aliyasikia hayo akajifanya anatafuta glavu. Alikuwa fundi kweli wa ngozi za watu, lakini mbele ya mkewe ganzi ilikuwa yake.

Shida ilianza na Jumamosi. Majira ya baridi ni majira ya harusi na sherehe za mahekalu, kila mtu anataka uso mpya kwa mara moja, na viti vya kusubiria krimu vilikuwa vinne tu. Bi Orathai akaona dawa: niwapigie simu wateja wa Jumamosi, wanaoweza wajipake ganzi nyumbani, waje tayari. Shangazi alipolisikia akaja mpaka mezani kwangu. Krimu gani, akauliza, kiasi gani, na nani atamwangalia mtu njiani? Bi Orathai akasema wateja wetu ni watu wazima. Shangazi akasema hao watu wazima ndio wanaokufa kwa aibu, mtoto angelia tukamsikia. Bi Orathai akarudi ofisini kwake, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Aliningoja Shangazi alipokwenda kula, akaniletea orodha. Ningeweza kukataa. Katika ndugu watano ni mimi peke yangu niliyefanya kazi chini ya kiyoyozi, na mama yangu alilitangaza hilo sokoni kama vile nimeolewa ikulu. Nikapiga simu zote.

Mmoja wa niliowapigia alikuwa Saowarot, wenyewe wanamwita Pui, binti wa miaka ishirini na miwili, mchoraji wa maua kwenye kiwanda cha bakuli nje ya mji. Miguu yake ilikuwa na madoa meusi ya kuumwa na wadudu tangu utoto. Alikuwa ameitwa Chiang Mai kwenye usaili wa kuuza manukato katika duka kubwa, na sare yao ni sketi fupi. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mdogo wangu," nikamwambia, "kama hutajali, ukija umeshajipaka utakuwa umetusaidia sana." Kwetu huku, mtu mdogo akiambiwa na aliyekaa nyuma ya meza kwamba atakuwa amesaidia sana, hana pa kupitia kukataa. Nililijua hilo. Ndiyo maana nikasema vile.

Jumamosi alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki, dakika arobaini juani, amevaa suruali pana ya kitambaa cheusi. Akaunganisha viganja kutusalimu mmoja mmoja, akakaa kwenye ncha ya kiti. Shangazi akamuuliza maswali yake. Alipofika kwenye la mwisho, kama amejipaka kitu nyumbani, Pui akanitazama mimi. Mimi nikatazama kompyuta.

"Hapana, Shangazi," akasema.

Shangazi akafungua kopo, akachota, mkono ukasimama. Akamwuliza jina lake upya. Pui akalitaja kama mtu mwenye tonge la wali wa kunata mdomoni. Sasa hata mimi niliona midomo yake, imekuwa na rangi ya jivu.

"Ulimi unakuwaje?"

"Unachonyota kidogo, Shangazi. Si kitu."

"Masikio je?"

"Yanalia. Si kitu kabisa, nisiwasumbue."

"Pandisha suruali juu nione miguu."

Pui akaishika suruali kwa mikono miwili. Kulikuwa na wanawake wanne pale, wote wameacha simu zao wanatazama. Bi Orathai akatoka ofisini akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akasema hapa si kituo cha polisi, mteja ameulizwa na amejibu, daktari anasubiri, apakwe. Shangazi hakugeuka hata kumtazama.

"Mimi sipaki," akasema. "Ukitaka, paka wewe."

Akachukua mkasi wa kukatia bendeji, akaupitisha kwenye ile suruali kutoka kifundo cha mguu hadi pajani. Alifanya hivyo mguu wa kwanza, akafanya na wa pili, na binti wa watu akaficha uso. Miguu yote miwili ilikuwa imezungushiwa nailoni ya jikoni, tabaka juu ya tabaka, kama wali uliofungwa kwenye jani la mgomba. Ndani yake krimu nyeupe nzito, imelowa jasho. Kopo lenyewe tulilikuta baadaye kwenye mkoba wake. Alilinunua kwa muuzaji wa kwenye simu, halina hata karatasi ya jina.

"Fong, piga 1669, ita ambulensi. Sasa hivi. Waambie sumu ya dawa ya ganzi."

Nikapiga. Niliporudi Shangazi alikuwa anachana nailoni kwa mkasi na mikono, ananiamuru nilete vitambaa vyenye maji nifute mguu wa kushoto, nivae glavu kwanza. Nilikuwa nafuta na ile krimu haiishi. Kilo arobaini na moja, huyo mtoto. Halafu shavu lake likaanza kurukaruka, macho yakageuka, mwili mzima ukatetemeka. Shangazi akamlaza ubavu sakafuni, akaweka kiganja chake kati ya kichwa na vigae, akatukataza tusimtie kitu mdomoni. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Daktari Phakin alitoka mbio na mtungi wa oksijeni, akapiga magoti, na nitampa haki yake, hakumuuliza mkewe neno. Alimuuliza Shangazi degedege limeanza lini, akajibiwa kwa dakika na sekunde.

Pui hakufa. Nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe nililisubiri siku mbili nzima kulisikia, na sipendi mtu mwingine angoje hivyo. Hospitali ya mkoa walimtia dripu na dawa ya kuirudisha damu yake sawa. Walimweleza mama yake kwamba krimu ile ilikuwa kali kupita inavyoruhusiwa, imepakwa eneo kubwa mno, ikafunikwa, ikapashwa joto na jua na injini, na kila kimoja katika hivyo kiliisukuma dawa ndani zaidi. Nilipoambiwa nilikwenda chooni nikalia.

Jumatatu Bi Orathai alituletea karatasi. Ilisema mteja aliulizwa wazi kama amejipaka kitu, akakana mbele ya mashahidi, na kliniki ilimhudumia upesi. Nikatia sahihi. Shangazi akaisoma mara mbili, akairudisha.

"Kila neno humu ni kweli," akasema, "na karatasi nzima ni uongo. Mchora bakuli hajifungi nailoni akavuka mji mzima kwa raha zake. Kuna mtu alimwomba."

Bi Orathai akamwambia afikirie vizuri, umri wake si wa kutafuta kazi nyingine. Shangazi akasema umri wake si wa kuogopa pia. Mimi nilikuwa napanga kadi za wateja ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumatano asubuhi mama yake Pui akaja. Anaitwa Mama Khamnoi, anauza mboga. Alivua kandambili mlangoni ingawa pale kliniki hakuna anayevua, akaingia na kikapu cha chenza, akapiga magoti mbele ya Bi Orathai, akaunganisha viganja hadi kwenye paji la uso. Alikuja kuomba radhi. Binti yake ameleta usumbufu, akasema, amepigisha watu magoti sakafuni, amechafua jina la kliniki ya watu siku ya kazi. Aliomba wasimchukie mtoto, ni mjinga tu, si mbaya.

Na Bi Orathai akaipokea ile radhi. Niliona kwa macho yangu. Akalainisha uso, akasema yamepita, mama, sisi hatuna kinyongo, kisha akaisogeza ile karatasi yenye sahihi yangu. Mama atie dole gumba hapo chini, ni utaratibu tu.

Shangazi Ruean alikuwa kwenye kiti chake na mteja. Alifunga kopo la krimu, akaja, akasimama katikati yao.

"Mama, shusha mikono," akasema. "Hapa ndani hakuna mtu wa kuunganishiwa viganja leo. Sisi ndio tulipaswa kuja kwako, tupige magoti kwenye mboga zako. Hatukuja. Mimi ninaona haya."

"Rudi kwenye kazi yako," Bi Orathai akamwambia.

"Hii ndiyo kazi yangu. Nimelipwa kuuliza maswali. Bado moja halijajibiwa: nani alimwambia yule mtoto ajipake?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake na miwani ya leza mkononi. Mama Khamnoi alikuwa ametazama chini kwenye chenza zake. Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kuitoa.

"Mimi, mama. Mimi ndiye niliyempigia simu. Nilimwambia atakuwa ametusaidia sana."

Nilikuwa nimeshapiga magoti. Nilitegemea kofi, na ningelishukuru. Mama Khamnoi akanigusa bega kwa vidole vyenye nyufa za kazi.

"Najua, mwanangu," akasema. "Alituambia tangu hospitali, alipopata tu kauli. Akatukataza tusiseme. Alisema dada wa mapokezi ana sauti nzuri, asije akafukuzwa kwa ajili yake."

Kwa hiyo nilipotazama kompyuta, yule mtoto midomo imeshakuwa jivu alikuwa ananilinda mimi. Sijui nilisimamaje. Nilikwenda mezani, nikaichukua ile karatasi mbele ya uso wa Bi Orathai, nikaichana mara mbili, na vipande nikavichana tena. Nikamwambia Mama Khamnoi asitie dole gumba lake popote, leo wala kesho, na akitakiwa kwenda kueleza idara ya afya, mimi nitatangulia kueleza ya kwangu.

Nilifukuzwa pale pale. Shangazi Ruean hakufukuzwa. Alimalizia kwanza mteja wake, akamfuta krimu muda ulipofika, ndipo akavua koti jeupe akalikunja juu ya kiti. Akamshika mkono Mama Khamnoi, na mimi akaniambia nibebe kikapu cha chenza nikirudishe kwenye pikipiki aliyokuja nayo mama huyo, maana mle ndani hakuna aliyestahili kula hata moja.