Sinia la Posa kwenye Banda la Gemu

Mwanasiti wa Makorora alikuwa na banda la gemu, na hakuona haya kulisema hivyo mbele ya yeyote, hata shughulini. Marehemu mumewe alimwachia chumba cha mbele kilichokuwa cha vyerehani. Vyerehani vikauzwa, zikaja mashine za gemu, na mama wa watu, miaka hamsini imeshampita, akawa anashinda mlangoni na mtandio wake begani akiamua ugomvi wa pedi za kuchezea. Mwanzoni aliyaona magemu yale ni wazimu wa vijana. Siku moja mvua ikawafungia wateja majumbani, akaishika pedi mwenyewe ili apoteze wakati, na tangu hapo kijana aliyetaka kumfunga kwenye mpira ilibidi ajipange.

Kilichompa jina, lakini, ni mdomo wake. Alinunua gemu lililosifiwa kila mahali, likawa bovu la kutupwa, naye kwa hasira akajirekodi kwa simu akilisema gemu lile na waliolisifu. Video ikazunguka. Wenye mabanda kuanzia Horohoro mpaka Tongoni wakaanza kumngoja yeye kwanza kabla ya kutoa pesa zao. Alikuwa anacheza, anaeleza, kisha anamaliza kwa neno moja: “Kanunueni,” au “Acheni.” Watu walikuwa wanaruka maelezo yote na kwenda moja kwa moja kwenye neno hilo, jambo lililomuudhi, ila kimoyomoyo alijisikia.

Sasa ikatokea kampuni moja ya Dar es Salaam imetengeneza gemu liitwalo Jiko la Harusi. Vijana wa kampuni hiyo walikuwa na akili nyingi, pengine kuliko inavyofaa. Alasiri moja, Mwanasiti akiwa sokoni, gari likasimama mbele ya banda na matarumbeta yakaanza. Wakashuka wanaume wamevaa kanzu na koti, nyuma yao kamera, na mbele yao binti amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha kudarizi. Aliyekuwepo nyumbani ni shangazi yake Mwanasiti, Bi Zuleha, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwombea mpwa wake apate mume mwingine. Bi Zuleha hakuuliza mtu swali. Alipiga vigelegele, akapokea sinia, akalifunua, akaonja halua, akaita majirani.

Mwanasiti aliporudi na kikapu chake cha samaki alikuta mtaa mzima unatafuna visheti na kumpa hongera. Alidhani amechanganyikiwa yeye au wamechanganyikiwa wao. Ndipo kiongozi wa msafara, kijana mwenye adabu zake aitwaye Abdulghani, akamwamkia shikamoo na kumweleza kwamba hakuna bwana harusi. Gemu lao linahusu mpishi wa harusi, ndiyo maana wamekuja kuliposea maoni yake, na pamoja na halua wamemletea televisheni mpya, kubwa, ili alione gemu linavyopendeza. Hawamlazimishi kusema lolote. Na kweli kijana hakuwa na hila, jambo lililofanya iwe vigumu kumfukuza.

Mwanasiti akasema wafunike sinia lao, waondoke nalo. Shangazi akamshika mkono.

“Nshaionja halua yao, mwanangu, na majirani nao wameshakula. Sinia likifunuliwa ni ndiyo. Hata wewe uliolewa hivyohivyo.”

Kwa desturi za pwani shangazi alisema kweli tupu. Na tusimwonee haya: televisheni nayo ilimtia mate mdomoni. Ya kwake ilikuwa ndogo, ina mstari wa kijani katikati, na wachezaji wake wa mpira walizoea kupotea wakifika kwenye mstari huo. Akajisemea kwamba kupokea kitu si kuuza ulimi. Mpya ikatundikwa.

Gemu lenyewe likamfurahisha mpaka akasahau samaki. Unapika pilau uani, wageni wanaingia na kila mmoja anataka chake, mama mkwe amekaa kitini anaangalia unavyokatakata vitunguu, na ukichelewa anaanza kukusema kwa mashoga zake. Mwanasiti alicheka peke yake kwa sauti. Akajirekodi, akalisifu kwa moyo mweupe, akamaliza, “Kanunueni.” Ilibaki kuirusha tu.

Kabla hajairusha, simu ikaita. Alikuwa ni Hatibu wa Tongoni, mwenye kibanda cha mashine moja na televisheni moja, mtu asiyenunua gemu jipya ila kwa kujinyima. Alikuwa ameshaiona video ya matarumbeta. Kampuni ilikuwa imeisambaza siku ileile. Akasalimia, akaulizia afya ya shangazi, akazungukazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mwisho akauliza swali lenyewe.

“Da Mwanasiti, niwie radhi. Lililo zuri ni gemu au ni televisheni?”

 Miaka yote ile hakuna mtu aliyemuuliza Mwanasiti mara mbili. Alitaka kumjia juu Hatibu, akashindwa, kwa kuwa swali lilikuwa la haki, na lililomuuma zaidi ni kwamba hata angeapa, kiapo chake kingekuwa na ladha ya halua. Akamwambia atampigia.

Akaishusha ile mpya, akairudisha kwenye boksi lake, akaichomeka kongwe yenye mstari wa kijani, akakaa kucheza upya. Wageni wakaingia, wakaagiza. Lakini wanaagiza nini? Maandishi ya vyakula, yaliyokuwa yanasomeka vizuri kule kwenye kioo kikubwa, hapa yalikuwa kama chungu waliokanyagwa. Akasogea, akavaa miwani, akavua miwani. Mgeni aliyetaka biriani akampa wali wa nazi, mama mkwe akanuna, harusi ikavunjika. Mwanasiti akaweka pedi chini. Alikuwa karibu kumwambia Hatibu akanunue kitu asichoweza kukisoma, na angemwambia kwa nia safi kabisa. Hilo ndilo lililomtisha.

Akaifuta ile video. Kesho yake akanunua halua nyingine, nyingi kuliko iliyoliwa, akakaanga visheti kwa mikono yake, akalijaza sinia na kulifunika kwa kitambaa chao wenyewe. Sinia na boksi vikapanda basi la Dar. Kisha akampigia Abdulghani.

“Sasa mama, ndiyo umetukataa?” aliuliza kijana, sauti imemshuka.

“Posa nimeikataa, mwanangu, gemu sijalikataa. Nikila kwenu, wanaonisikiliza watakosa wa kuwaambia ukweli.”

Jioni hiyo alirusha video mpya. Aliwaambia watu kila kitu: nani alikuja, ameleta nini, nani alikula, na Bi Zuleha akaomba jina lake litajwe vizuri. Akasema gemu ni tamu kweli, lakini kwenye televisheni ndogo halisomeki, kwa hiyo wenye mabanda, kwa sasa, “Acheni.” Abdulghani hakununa. Aliandika kwamba visheti vimeliwa ofisini mpaka vumbi lake, na kwamba ofisi yao nzima ina vioo vikubwa, hakuna aliyewahi kulijaribu gemu kwenye kidogo.

Bi Zuleha ndiye aliyekasirika, na alikasirika kwa muda mrefu, kwa sababu tamthilia zake ilibidi aendelee kuzitazama na mstari wa kijani usoni mwa mwigizaji mkuu.

Ikapita miezi. Kampuni ikatoa gemu lile upya, maandishi yamekuzwa. Safari hii halikuja tarumbeta wala sinia, ulikuja ujumbe mfupi tu kwenye simu. Mwanasiti akalinunua kwa pesa yake, akalicheza kwenye ile kongwe mpaka mama mkwe akatabasamu, akalisoma kila neno bila miwani. Akarekodi, akarusha.

Hatibu alipiga kabla chai haijapoa. Akasalimia, akaulizia afya ya shangazi, kisha akauliza linauzwa wapi. Mwanasiti akangoja swali la pili, lile la televisheni. Hatibu akaaga, akakata simu.