Hema la Miti Mitatu

Leo hema limenitoa siri niliyoificha tangu ujana.

Mjukuu wangu Wambui alilileta hapa Endarasha. Halisimamishwi chini, hufungwa juu, kwa kamba, kwenye miti mitatu.

"Guka, tuko na miwili tu," akasema.

Wa tatu ni kisiki cha mtarakwa.

Akacheka. "Si ni huu ndugu yako Gathogo alikata, akauza nguzo? Ametunyima kulala juu."

Ndivyo nilivyomwambia baba. Gathogo akafukuzwa, akafia Murang'a bila kurudi.

"Niliukata mimi," nikamwambia.

Wambui alikunja kamba zake.

Mimi ni mgonjwa, sitapona. Mnaosoma haya mlio Murang'a, mkiwajua watoto wa Gathogo, waambieni waje nikiwa bado naweza kuongea.